Juu ya Jamaa ya Kigeni Inayotaka Kuja Kutusaidia

Bwana Mhariri,

Katika gazeti letu la muhula uliopita nilisoma barua ya mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tano, aliyeandika kwa Kiswahili safi kabisa. Nampongeza, maana siku zetu sehemu hii ya Kiswahili ilikuwa kurasa mbili tu, na moja yake ilijaa vitendawili. Mwanafunzi huyo alitaka sisi wanafunzi wa zamani tuwaandikie watu wa ng'ambo, ili ipatikane jamaa moja, baba na mama na watoto wao, ije ikae hapa mwaka mzima kwa kujitolea, ifundishe Kiingereza na hesabu, na ijenge maktaba karibu na uwanja wa mpira. Nasikia barua ile imezaa matunda kabla sisi hatujajadiliana: jamaa moja imekwisha kujibu, na jambo hili litaletwa mbele ya mkutano wetu wa mwezi wa saba. Kwa kuwa mimi ni mmoja wa wachache kati yetu waliopata kukaa nyumba moja na jamaa ya namna hiyo, naomba nafasi nieleze niliyoyaona, kisha niseme nitapiga kura gani.

Mwaka 2011 nilikuwa nasoma kilimo katika chuo kimoja cha California, huko Marekani, nami nilipanga chumba cha uani kwa jamaa moja. Baba alikuwa seremala, mama alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, nao walikuwa na watoto watatu: msichana wa miaka 12, mvulana wa miaka 9, na kitinda mimba wa miaka 4. Mwanzo wa mwaka ule waliniachia funguo za nyumba niilinde, wakaenda kukaa mwaka mmoja katika kijiji cha Wazapoteki, kwenye milima iitwayo Sierra Norte, jimbo la Oaxaca, kusini mwa Meksiko. Likizo ndefu ilipofika walinialika, nikaenda, nikakaa nao majuma kumi na moja. Sitataja jina la kijiji wala la jamaa ile, maana hawakunituma niwaseme.

Msidhani Meksiko yote ni jangwa na kofia pana kama katika sinema. Huko nilikokwenda ni milima ya misonobari na ukungu, na mvua hunyesha kila mchana. Kama ningalifumba macho na kunusa tu, ningalisema niko Kabale. Watu husema Kizapoteki nyumbani na Kihispania wakiwa na wageni. Katika milima hiyohiyo, pale Guelatao, ndipo alipozaliwa Benito Juárez mwaka 1806, mtoto yatima wa Kizapoteki aliyekuja kuwa Rais wa Meksiko, kwa hiyo watu wa huko hawajioni kuwa wadogo mbele ya mtu yeyote. Jimbo la Oaxaca lina wilaya ndogo 570, na zaidi ya 400 kati yake huchagua wakubwa wao kwa mila za wenyeji, katika baraza la kijiji, pasipo vyama vya siasa. Cheo hakina mshahara. Kijana huanza kwa kuwa topil, yaani tarishi na askari wa kijiji, akatumika mwaka mzima bila malipo, akapumzika, kisha baraza likamwita tena kwa kazi kubwa zaidi. Hata aliyekwenda kutafuta kazi Marekani huweza kuitwa arudi kutumika zamu yake. Nimeeleza hayo kwanza kwa sababu jamaa ile ilikwenda ikiwa na nia ya kujitolea, ikafika mahali ambapo kila mtu amekuwa akijitolea tangu zamani, tena kwa amri.

Siku ya nyumba ile ilianza saa kumi na moja alfajiri, nayo haikuanza kwa kupenda kwao. Mashine ya kusaga ya kijiji ilikuwa jirani, na ilipowaka hapana aliyeweza kulala. Wanawake walikuja na ndoo za mahindi yaliyochemshwa usiku pamoja na chokaa. Huo ndio msingi wa chakula chao: mahindi makavu hutiwa ndani ya maji yenye chokaa kidogo, yakachemshwa, yakaachwa hata asubuhi, yakaoshwa, ndipo yakasagwa yakawa donge laini la kufanyia tortilla, ambayo ni mfano wa chapati nyembamba ya mahindi. Mama wa jamaa ile alikuwa na shahada mbili, lakini kwa juma zima donge lake lilitoka la manjano likinuka kama sabuni, kwa kuwa alizidisha chokaa. Wanawake pale mashineni walicheka mpaka wakashika mbavu. Bibi mmoja mzee hakusema neno. Alichukua punje moja ndani ya ndoo ya yule mama, akaisugua kwa vidole viwili, akamwonyesha jinsi ganda linavyopaswa kuteleza likatoka lenyewe. Toka siku ile donge likawa jema.

Hili la chokaa si jambo dogo. Chokaa hufungua ndani ya mahindi kirutubisho ambacho tumbo la mtu peke yake haliwezi kukifikia. Wazungu walipochukua mahindi kutoka huko waliiacha chokaa nyuma, na ugonjwa wa pelagra ukawashika maskini wa Italia, na baadaye wale wa kusini mwa Marekani, ambao chakula chao kilikuwa mahindi matupu. Wakulima wasio na shule walikuwa wamelimaliza jambo hilo kabla ya madaktari kujua kwamba kuna swali. Yule bibi hakujua kemia yake, nami niliyejua kemia sikujua kusugua punje.

Baada ya tortilla, maharage meusi na kahawa, msichana na mvulana walikwenda shule ya kijiji, kitinda mimba alifuata kuku wa jirani, mama alifundisha Kiingereza saa mbili kwa siku, na baba alikwenda popote walipomwita kutengeneza mlango au dawati. Maji yalikatika mara mbili kwa juma. Nguo zilifuliwa kwa mikono na zilikauka siku tatu kwa ajili ya ukungu. Mama aliniambia waziwazi kwamba miezi miwili ya kwanza nguvu zake zote zilikwisha katika kula, kufua na kuwasha moto, na kazi aliyoijia alikuwa akiifanya kwa mabaki ya siku. Jioni tulisikia bendi ikijifunza. Milima ile hupenda sana tarumbeta na klarineti, na mtoto wa mkulima husoma noti za muziki kama sisi tulivyosoma ratiba ya mechi.

Sasa nieleze aibu yangu mwenyewe, nisije nikaonekana nawacheka wengine. Mzee mmoja aliyekuwa jirani yetu alikuwa na shamba la mteremko, ambalo wao huliita milpa. Nilipoliona nilisikitika kitaalamu. Mahindi hayakuwa na mistari, maharage yalikuwa yakipanda juu ya mabua, maboga yalitambaa chini, na katikati yake yote majani yalikuwa yamejiotea. Nilimwambia mzee, kwa Kihispania changu kibovu, kwamba katika nchi yetu tumefundishwa kupanda kwa mistari, zao moja moja, na kupalilia. Alinisikiliza kwa adabu. Asubuhi iliyofuata, ili nimfanyie hisani, niliamka mapema nikang'oa majani yote sehemu ya juu ya shamba, nikayatupa bondeni. Mke wake alipokuja na kikapu alisimama akashika kichwa. Kumbe nilikuwa nimeng'oa mboga za juma zima! Mengi yalikuwa mchicha, ndugu zangu, dodo hii hii tunayoila kwetu, nami niliyekulia dodo sikuitambua kwa sababu nilikuwa nimevaa macho ya mtaalamu.

Mzee hakukasirika. Aliniketisha juu ya jiwe akaniuliza: "Kijana, watu wa kwenu waliyapata wapi mahindi?" Nikajibu bila kufikiri kwamba tumeyarithi kwa mababu. Alitabasamu tu. Jibu nilikwenda kulisoma baadaye, nikaona haya peke yangu maktabani. Mahindi yalitokana na nyasi ya mwituni huko kusini mwa Meksiko yapata miaka 9,000 iliyopita, na katika pango la Guilá Naquitz, palepale Oaxaca, yalichimbuliwa magunzi yenye umri wa zaidi ya miaka 6,000. Sisi tuliyapata baada ya Wareno kuyavusha bahari. Maharage yetu nayo asili yake ni Amerika. Kwa hiyo posho na maharage ambayo kila kizazi cha shule hii kimenung'unikia ni chakula cha milpa, kimekuja kwetu bila maboga na bila chokaa. Na zile fujo nilizozisikitikia zilikuwa na sababu: bua ni mti wa kupandia maharage, maharage hurutubisha ardhi, na majani ya maboga huifunika isikauke wala isichukuliwe na maji ya mteremkoni. Mimi nilikuwa nimekaa pale siku tisa.

(Wanafunzi hupenda kuuliza watu wa huko walinionaje mimi Mwafrika. Wengi walidhani nimetoka pwani ya jimbo lao, iitwayo Costa Chica, ambako wanaishi Wameksiko weusi, wajukuu wa watumwa. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 zaidi ya watu milioni 2 na nusu nchini mle walijitaja kuwa wa asili ya Afrika. Hayo hatukufundishwa katika Historia, na naona yangefaa kufundishwa.)

Nirudi kwa jamaa ile. Walikwenda wakiwa na mradi, nao ulikuwa maktaba, kama huu wetu. Marafiki zao kanisani walikuwa wamechanga fedha. Mwezi wa sita jambo likaletwa barazani, nami nilikuwapo, nimekaa nyuma, msichana wa miaka 12 akinifasiria sikioni, maana miezi mitano ilikuwa imemtosha kushika Kihispania chote na Kizapoteki cha kuchezea. Baba alisimama akaeleza ukubwa wa chumba, idadi ya rafu, na vitabu vitakavyokuja. Watu wakashukuru mmoja baada ya mwingine, kwa maneno marefu. Kisha mzee mmoja akauliza nani atakuwa na ufunguo. Mwingine akauliza vitabu vitakuwa vya lugha gani. Mwanamke mmoja akauliza nani atafagia, na kama kufagia huko kutahesabiwa kuwa zamu ya kijiji au la. Baba hakuwa na jibu hata kwa moja. Alisema mambo hayo yatatengenezwa baadaye. Wakanyamaza kidogo, wakakubali. Nilidhani tumeshinda. Msichana aliniambia tulipokuwa tukirudi nyumbani: "Hawakutaka. Walikubali kwa sababu Baba alitengeneza madawati."

Mwezi wa saba mvua ilishusha kipande cha mlima juu ya barabara. Kengele ikagongwa, na kila nyumba ikapaswa kutoa mtu mmoja. Kazi hiyo ya pamoja huitwa tequio. Waganda huiita bulungi bwansi, Wanyarwanda umuganda, na kila mmoja wetu ana jina lake kwa lugha ya mama. Topil alikuja mlangoni petu kama alivyokwenda kwa wengine. Baba akadhani amekuja kuomba msaada, akaanza kueleza kwamba leo ana kazi ya kupima msingi wa maktaba. Topil, kijana wa miaka kama 20, akasema kwa upole kwamba nyumba hii imeandikwa katika daftari tangu Januari, kwa kuwa wanatumia maji ya kijiji na njia ya kijiji. Basi tukachukua masepetu tukaenda. Mimi nilijiona hodari, kwa maana shule hii ilinifundisha kulima Jumamosi tano za adhabu mfululizo. Baba alichubuka viganja kabla ya saa nne, wakamwondoa penye udongo wakampa kazi ya kubeba maji pamoja na wavulana. Alibeba maji hata jioni. Siku ile wanaume walimwita kwa jina lake mara ya kwanza. Hapo kabla walikuwa wakimwita mhandisi, naye hakuwa mhandisi.

Mwezi wa nane mvulana akaugua tumbo vibaya, kwa ajili ya maji. Mama hakulala usiku tatu. Jirani walichukua zamu bila kuulizwa: huyu akaleta uji wa mahindi, huyu akafua shuka, huyu akamchukua kitinda mimba nyumbani kwake. Yule bibi wa mashineni alikaa miguuni pa kitanda akisali. Dawa alitoa daktari wa zahanati, msichana wa Kimeksiko wa miaka kama 25, aliyetoka mjini. Nchini mwao tangu mwaka 1936 anayesomea udaktari hana budi kutumika mwaka mmoja kwa posho ndogo kabla ya kupewa shahada yake, na wengi hupelekwa vijijini. Nilimwuliza kama anapenda kukaa pale. Alisema hapendi sana, tena anaogopa usiku, lakini mwaka ni mwaka, na baada yake atakuja mwingine. Mvulana akapona. Nami nilitazama, nikaona kwamba katika majuma yale hesabu ya msaada ilikuwa imegeuka: waliokuja kusaidia walikuwa ndio wenye deni.

Maktaba ilimalizika mwezi wa kumi na moja. Mimi nilikuwa nimekwisha kurudi chuoni, nikaona picha: chumba kizuri cha matofali ya saruji, rafu zilizotengenezwa na seremala mwenyewe, na vitabu mia kadhaa, vingi vya Kiingereza. Jamaa ikarudi kwao mwisho wa mwaka. Miaka mitatu baadaye mama alikwenda kuwatembelea. Mlango ulikuwa umefungwa muda mrefu, kwa kuwa mwalimu aliyeachiwa ufunguo alihamishwa akaondoka nao. Unyevu ulikuwa umekula vitabu. Ndipo baraza lilipovunja kufuli, likakiweka chumba chini ya wazee wa bendi. Leo bendi hujifunzia mle, na rafu zinabeba noti na vyombo vya muziki. Mama aliponieleza hayo nilidhani atalia, lakini alicheka. Alisema bendi inatumia chumba kila jioni, na maktaba ingetumiwa na nani?

Kitu kilichobaki ni kingine. Walipokuwa kule alizaliwa mtoto kwa jirani, na mama Mmarekani akaombwa amsimamie katika ubatizo. Kwa watu wa Meksiko jambo hilo hufunga undugu kati ya wazazi na msimamizi, nao huitana kwa jina la udugu huo maisha yao yote. Mtoto yule sasa ni kijana mkubwa. Mama humwandikia, hulipa sehemu ya gharama zake za shule, na anapokwenda hulala nyumbani mwao juu ya mkeka kama ndugu yeyote, akisaga mahindi alfajiri. Udugu huo haukuwamo katika mradi wala haukuchangiwa fedha.

Hapa watakuwapo wenye kuniambia nimekwisha kujibu swali: wageni wasije. Yuko mtu aliyelisema hilo zamani, tena kwa ukali, katika nchi hiyohiyo. Ivan Illich, aliyezaliwa Vienna mwaka 1926 na wakati huo alikuwa padre, alikuwa na chuo chake pale Cuernavaca. Tarehe 20 Aprili 1968 alialikwa kusema mbele ya vijana wa Marekani na Kanada waliokuwa wakijitayarisha kwenda kujitolea vijijini likizo ile. Aliwaambia kwamba nia njema haitoshi, kwamba wanapeleka maisha yao wenyewe wakidhani wanapeleka msaada, na kwamba waje kutazama na kujifunza kama wakitaka, lakini wasije kusaidia. Hotuba ile nimeisoma mara nyingi. Kila nikiisoma nafikiri habari ya mchicha nilioutupa bondeni, nami nakubali.

Lakini sikubali yote. Wengi wenu mtakumbuka kitabu kikubwa kilichokuwa mezani kwa nesi wa shule, Mahali Pasipo na Daktari, chenye picha za vidonda tulizokuwa tukizitazama kwa siri. Kitabu hicho mzizi wake uko kijijini Meksiko. David Werner, mwalimu wa elimu ya viumbe kutoka California, alifika katika milima ya Sierra Madre miaka ya 1960, akakaa na watu wa Ajoya, jimbo la Sinaloa. Hakuwa daktari. Walichojifunza pamoja na wauguzi wa kijiji kikaandikwa kwa Kihispania mwaka 1973, kwa ajili ya wanakijiji wenyewe, kisha kikafasiriwa lugha nyingi, hata ikafika zamu ya Kiswahili. Mwaka 1981 palepale Ajoya ukaanzishwa mradi wa watoto vilema ambao waliouendesha walikuwa wanakijiji wenyewe walio vilema, na Werner mwenyewe ana ulemavu wa misuli. Kama Werner angalisikia shauri la Illich akabaki kwao, nesi wetu angalitumia nini? Tofauti naiona hapa: mtu yule alikaa muda mrefu, na kazi ikawa mikononi mwa wenyeji tangu mapema. Ufunguo haukuwa na mwalimu wa kuhamishwa.

Basi turudi kwetu. Rafiki yangu mmoja, tuliyekaa dawati moja, ameniambia kwa simu kwamba nina maneno mengi, na kwamba mwenye shida hachagui. Namjibu hapa mbele ya wote: mwenye shida ndiye anayepaswa kuchagua, kwa sababu kosa likitokea ni yeye atakayebaki nalo. Tena mimi sioni kwamba shule hii ina shida ya watu. Kijana wetu mmoja, aliyetoka hapa akasomea ualimu wa hesabu, yuko nyumbani mwaka wa tatu bila kazi, anachoma matofali nyuma ya kituo cha basi. Hesabu anazijua, na matofali anayo! Jamaa ya ng'ambo ikipewa darasa lake, yeye atapita barabarani akiwatazama watoto wa mdogo wake wakifundishwa na mgeni bure. Niliwahi kumwuliza yule baba seremala juu ya nauli za watu watano. Alisema bila kujificha kwamba fedha ile ingalilipa mwalimu wa kijijini muda mrefu kuliko mwaka waliokaa wao. Akatafuna mdomo, akaongeza kwamba lakini fedha ile isingalichangwa kama wao wasingalikwenda. Maneno yote mawili ni kweli, na sijui kuyapatanisha.

Hata hivyo sitaki kumfungia mtu mlango. Nilikaribishwa huko nikiwa mjinga, nikang'oa mboga za watu, wakanipa jiwe la kukalia. Kwa hiyo mkutanoni nitapiga kura jamaa hii ije, kama itakubali mambo haya tuliyoyaandika na wenzangu wawili. Watoto wao wasome humu humu, wale posho na maharage na wenzao. Siku ya kazi za mikono, baba na mama watoke na majembe, majina yao yakiwa katika daftari la kijiji kama ya kila nyumba. Wasifundishe somo ambalo yuko mwanafunzi wa zamani mwenye cheti cha kulifundisha na hana kazi, bali wamsaidie huyo apate darasa. Na juu ya maktaba, msingi usichimbwe mpaka mkutano wetu uwe umeandika jina la mwenye ufunguo, la atakayeushika akihama, na fedha za vitabu vya mwaka wa pili zitatoka mifukoni mwa nani. Mimi nimekwisha kuandika jina langu kwa fedha hizo, na mhazini anayo risiti.

Kuhusu wanafunzi wa Kidato cha Tano wanaotaka kwenda bondeni wakati wa likizo kuwachimbia wanakijiji choo: nawaomba kwanza waende Jumamosi moja mikono mitupu, waulize kuna kazi gani, na wakiambiwa ni kuchota maji, wachote.

Kama jamaa ile haitakubali masharti hayo, nitapiga kura ya kuikataa, hata nikiwa peke yangu, nami nitawaandikia barua ya adabu kuwaeleza sababu. Mkutano ni Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa zamani. Wanaonipinga waje mapema, viti vya mbele havitoshi.

Wenu,
Mwanafunzi wa Zamani